John Newton: Aliyeokoka Baharini Kisha Akarudi Kununua Watu

Maandiko ya kusoma wiki hii: Luka 15:11-32, Luka 11:13, Waebrania 6:4-6



Jumapili iliyopita, baada ya ibada ya pili, kijana mmoja alinisubiri kando ya mlango wa ofisi mpaka watu wakaisha. Alikuwa na swali moja tu. Mtu akiongozwa sala ya toba mara saba, na mara zote saba arudi kule kule alikotoka, ile ya nane Mungu ataipokea, ama mtu huyo anajisumbua bure? Dhambi yenyewe hakuitaja, na mimi sikumuuliza. Nilimwombea, tukaagana. Lakini nikiwa kwenye matatu kurudi nyumbani niliona wazi kwamba nilimwombea haraka haraka ndio nisimjibu. Kwa hivyo namjibu hapa, na jibu lenyewe ni maisha ya mtu.

Wengi wetu tunamjua John Newton kwa wimbo mmoja, Amazing Grace, na kwa ushuhuda mmoja ambao umehubiriwa mpaka umekuwa mwepesi: alikuwa nahodha wa meli ya watumwa, dhoruba ikampata, akamlilia Mungu, akaokoka, akaacha utumwa, akaandika wimbo. Hata mimi nimewahi kuuhubiri hivyo kwa vijana. Shida ni kwamba haikuwa hivyo. Ile dhoruba ilimpata kabla hajawa nahodha. Unahodha wa meli za watumwa aliupata akiwa ameshaokoka.

Tuanze mwanzo. Newton alizaliwa mwaka 1725 katika mtaa wa Wapping, London, karibu na bandari. Baba yake alikuwa nahodha wa meli za biashara, mtu mkali asiyeonekana nyumbani mara nyingi. Mama yake, Elizabeth, alikuwa mgonjwa wa kifua lakini mama wa maombi. Alimfundisha mtoto kusoma mapema sana, akamjaza Maandiko, katekisimu na nyimbo za ibada, akiwa na matumaini kwamba siku moja atakuwa mhubiri. Mwaka 1732, siku chache kabla mtoto hajatimiza miaka 7, kifua kikuu kilimchukua mama. Alipofika miaka 11 baba yake akampeleka baharini, na huko kwa mabaharia hakuna aliyekuwa akimuuliza kama ameomba.

Sasa msikilize hapa, kijana wangu wa mlangoni. Kwa hesabu yake mwenyewe, Newton alitubu na kurudi nyuma mara tatu au nne kabla hajafika miaka 16. Safari moja alirushwa na farasi, akaanguka karibu na kichaka kilichokatwa kikabaki ncha kali. Aliogopa sana, akajirekebisha, kisha akasahau. Safari nyingine alikuwa na miadi na rafiki zake kwenda kwa mashua kutazama manowari. Alichelewa, mashua ikaondoka bila yeye, ikapinduka, na rafiki yake mmoja akafa maji. Newton mwenyewe hakujua kuogelea. Alienda mazishini, akalia, akatubu. Baada ya muda akasahau tena.

Ile mara ya mwisho ya ujana wake ndiyo inayonishangaza zaidi. Ilidumu zaidi ya miaka miwili. Alisoma Biblia kila siku kwa saa nyingi, akafunga, akaacha kula nyama kwa miezi mitatu, na alikuwa anaogopa hata kujibu swali la kawaida asije akatamka neno lisilo na maana. Ukimwona ungesema huyu sasa amesimama. Lakini baadaye aliandika kwamba dini hiyo ilimfanya tu kuwa mtu wa huzuni, asiyependa watu, na asiyefaa kitu. Alikuwa anajaribu kumlipa Mungu kwa awamu. Na mtu anayelipa kwa awamu, siku akikosa awamu moja, anaanza kukwepa mwenye deni. Alipopata kitabu kimoja cha mwanafalsafa Shaftesbury, chenye maneno matamu na kilichomwacha bila Mungu wa kumdai, alikisoma mpaka akakaribia kukijua kwa moyo.

Mwaka 1743, meli yao ikiwa bandarini Venice, aliota ndoto. Najua sisi tunapenda ndoto, na zingine tunazozitangaza madhabahuni ni za chakula cha jioni tu, lakini hii isikilize. Aliota yuko kwenye zamu ya usiku. Mtu akamjia, akampa pete na kumwambia aitunze, maana akiwa nayo atakuwa salama, na akiipoteza ataona taabu. Akaja wa pili, akaanza kumcheka, akamwambia aitupe. Newton akabisha kidogo, mwisho akaiachilia ikazama. Papo hapo milima iliyo nyuma ya mji ikalipuka moto, na yule aliyemshawishi akamwambia kwamba rehema yote ya Mungu kwake ilikuwa ndani ya pete ile. Akabaki anatetemeka. Akaja mtu wa tatu, au labda alikuwa yule wa kwanza, hakuwa na hakika. Akamuuliza kama akirudishiwa pete atakuwa na busara zaidi. Kabla hajajibu, mtu yule akazama majini, akaibuka nayo, na moto ukazimika. Newton akanyoosha mkono aipokee. Mtu yule akakataa kumpa. Alimwambia kwamba akipewa ataipoteza tena upesi, kwa hivyo ataitunza yeye mwenyewe kwa niaba yake, na kila itakapohitajika ataitoa.

Ndoto ilimsumbua siku mbili tatu hivi, hawezi kula wala kulala. Kisha akaisahau kwa miaka mingi.

Mwishoni mwa 1742, akiwa na miaka 17, alikuwa ameshampenda msichana mmoja wa Chatham, Mary Catlett, na mapenzi hayo yalimfanya achelewe safari zaidi ya moja. Mwaka 1744 alikamatwa kwa nguvu na kuingizwa jeshi la wanamaji, kwenye manowari iliyoitwa Harwich, maana wakati huo Uingereza ilikuwa vitani na ilikuwa inaokota vijana bandarini. Baba yake alimwombea cheo kidogo. Siku moja meli ikiwa Plymouth alitumwa nchi kavu na mashua akiwa na kazi ya kuhakikisha mabaharia wengine hawatoroki. Akatoroka yeye. Alishikwa, akarudishwa kwa pingu, akachapwa viboko mbele ya wenzake, akavuliwa cheo. Kwa uchungu alifikiria kumuua nahodha, au kujiua. Huko Madeira akabadilishwa na baharia mwingine, akapanda meli iliyokuwa ikielekea pwani ya Afrika Magharibi kununua watumwa.

Hapo ndipo anafika bara letu. Alijiunga na Mwingereza mmoja mfanyabiashara wa watumwa katika visiwa vya Plantain, pwani ya Sierra Leone. Bosi huyo alikuwa na mwanamke Mwafrika mwenye nguvu sana, na mwanamke huyo hakumpenda Newton hata kidogo. Alipougua homa aliachwa alale kwenye mkeka, gogo likiwa mto wake, na hata maji ya kunywa alipata kwa shida. Alitembea na shati moja. Usiku alikuwa akijivuta shambani kung'oa mizizi na kuila mbichi.

Kuna jambo moja la wakati ule ambalo nimelisoma mara nyingi na kila mara linanizuia kuendelea. Watumwa waliofungwa minyororo, wanaosubiri kuuzwa, walimwonea huruma. Walikuwa wanamletea chakula kwa siri, kutoka katika kile kidogo walichogawiwa wao. Ameliandika yeye mwenyewe. Mzungu huyu aliishi kwa mkate wa watu waliokuwa wamefungwa. Tafadhali likumbuke hili tunapoendelea.

Baba yake aliomba rafiki yake wa Liverpool, mwenye meli aitwaye Joseph Manesty, amtafutie mtoto. Mwaka 1747 meli ya Manesty, Greyhound, ikampata. Wakati huo Newton alishahamia kwa bosi mwingine, mambo yamemnyookea, na hakuwa na haraka ya kurudi kwao. Nahodha alimdanganya kwamba kuna urithi mkubwa unamsubiri. Kilichomvuta kweli ni Mary. Akapanda. Ndani ya meli alitukana na kumkufuru Mungu mpaka nahodha, ambaye naye hakuwa mtakatifu, akaanza kuamini kwamba amebeba Yona.

Usiku wa Machi 1748, katika Atlantiki ya Kaskazini, bahari ilipasua upande wa meli. Newton aliamshwa na maji chumbani. Alipokuwa anapanda juu nahodha alimrudisha akalete kisu, na mtu aliyepanda badala yake alichukuliwa na wimbi palepale. Kilichowaokoa kwa namna ya kibinadamu ni mzigo: walikuwa wamebeba nta na mbao, vitu vinavyoelea. Alipiga pampu kuanzia saa 9 usiku hadi karibu adhuhuri, amefungwa kamba asisombwe. Katikati ya kazi hiyo, alipokuwa akizungumza na nahodha, yalimtoka maneno ya kuomba Bwana awarehemu. Akashtuka kusikia kinywa chake kimesema hivyo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kutamani rehema, na mara moja akajiuliza ni rehema gani inayoweza kumfikia mtu kama yeye.

Kwa sababu hakuwa na nguvu tena za pampu, alipewa usukani, akaushika kuanzia saa 7 mchana hadi usiku wa manane. Saa kama 11 hivi, peke yake na mawazo yake. Maandiko ambayo mama alimpandikiza yalianza kurudi, lakini hayakurudi kama faraja. Yalirudi yale ya Methali 1 kuhusu watu walioitwa wakakataa, na yale ya Waebrania 6 kuhusu walioonja kisha wakaanguka. Alijipima kwa maandiko hayo akaona yanamhusu yeye moja kwa moja. Alikuwa ametubu na kuanguka mara ngapi? Alijiona ameshafungiwa mlango.

Hapo ndipo kijana wangu amekwama, na si yeye peke yake. Nina hakika wako wengi kwenye viti vyetu wanaoamini sura hiyo ya Waebrania iliandikwa kwa ajili yao. Newton alitokaje hapo? Hakutoka kwa kujipa moyo. Siku zilizofuata, chakula kikiisha na meli ikivuja, alichukua Agano Jipya na akatulia kwenye Luka 11:13, mahali Yesu anaposema Baba atawapa Roho wale wanaomwomba. Akafikiri hivi: kama kitabu hiki ni cha kweli, basi na ahadi hii ni ya kweli, na mimi nahitaji huyo Roho hata ili nikielewe kitabu chenyewe, kwa hivyo nitaomba. Akasoma habari ya mtini uliopewa nafasi nyingine, akasoma ya mwana mpotevu. Mtu anayeogopa kwamba ameshakataliwa bado anaweza kuomba, na ahadi ile imewekwa kwa wanaoomba tu, haikuweka sharti la idadi ya mara.

Mwezi Aprili walifika Ireland, chakula cha mwisho kikiwa jikoni kinachemka. Hawajamaliza saa mbili ndani ya ghuba, upepo ukavuma kwa nguvu ambayo meli ile isingestahimili. Mjini Londonderry alikuwa kanisani mara mbili kwa siku, akashiriki Meza ya Bwana, akajitoa kwa Mungu milele. Alikuwa anamaanisha kila neno. Hadi mwisho wa maisha yake alifunga na kuomba kila tarehe 21 Machi kukumbuka siku ile.

Hapa ndipo wahubiri tunamalizia. Lakini mwaka huo huo, 1748, Manesty alimpa kazi ya msaidizi wa nahodha kwenye meli ya watumwa, Brownlow. Kabla hajafika Afrika maombi yalishapoa. Alipofika pwani ya Guinea, aliporomoka. Aliandika kwamba ukiacha matusi tu, alirudi kuwa karibu mbaya kama zamani. Hakuorodhesha. Tukijua meli zile zilivyokuwa, na wanawake waliokuwa ndani wakiwa mikononi mwa mabaharia, tunaweza kuelewa kwa nini hakuorodhesha. Ilikuwa miezi tu tangu Londonderry.

Kumbuka: dhoruba ilikuwa ya kweli, na machozi yalikuwa ya kweli. Na bado alianguka. Akapigwa na homa kali, tena kwenye visiwa vile vile vya Plantain. Akiwa dhaifu, karibu achanganyikiwe, alijivuta hadi sehemu isiyo na watu kisiwani, akaomba. Tofauti ya maombi haya na yote ya nyuma ni moja. Hakuweka nadhiri. Hakumwahidi Mungu kufunga, wala kuacha nyama, wala kwamba hatarudia. Alikuwa ameshaahidi mara nyingi kiasi kwamba hakuwa na ahadi iliyobaki ya kutoa. Alijitupa tu mbele za Bwana afanye naye apendavyo, na akamtazama Kristo aliyesulubiwa kuwa ndiye malipo yake. Alisema baadaye kwamba tangu siku ile aliondolewa ule utawala wa dhambi uliokuwa juu yake, ingawa aliendelea kujikwaa na kuhuzunika.

Kijana wangu, nafikiri jibu lako liko kisiwani pale. Zile sala zako saba huenda zilikuwa mikataba saba. Mimi nilisoma biashara chuoni na najua mkataba ukivunjwa unakufa. Neema haikuandikwa kama mkataba wetu sisi. Pete anaishika mwingine.

Ningetamani niachie hapo, nyote mfurahi. Lakini kuna dhambi nyingine ndani ya hadithi hii, na hiyo haikumliza Newton hata tone wakati huo.

Mwezi Februari 1750 alimwoa Mary. Muda si muda Manesty akamfanya nahodha. Kati ya 1750 na 1754 aliongoza safari tatu za watumwa, moja na meli ya Duke of Argyle na mbili na meli iliyoitwa, ndiyo, African. Wakati huo alikuwa mtu wa ibada. Aliamka mapema kusoma Neno, alimwandikia mke wake barua nzuri za kiroho, aliandika shajara ya maombi, na Jumapili aliwakusanya mabaharia kwa ibada. Chini ya mbao alizokanyaga akiongoza ibada hiyo, watu wamelala kwenye rafu, safu juu ya safu, wawili wawili kwenye pingu, mahali ambapo mtu mzima hawezi kusimama wima.

Tulifundishwa chuoni kwamba ukitaka kuijua kampuni usisome maono yake yaliyobandikwa mapokezi, soma vitabu vyake vya hesabu. Daftari la meli la Newton lipo hadi leo na limechapishwa. Ni daftari safi, la mtu makini. Linaonyesha nani amenunuliwa na nani amekataliwa kwa sababu ya umri au kasoro ya mwili. Waliokufa wanaandikwa kwa namba, kisha wanatupwa baharini, kisha hali ya upepo. Safari moja aligundua mpango wa uasi, akawatia wavulana kwenye kifaa cha kubana vidole gumba ili waseme. Hilo nalo limeandikwa, kwa mwandiko uleule. Wale waliomlisha chakula chao kwa siri Plantain, ndugu zao sasa walikuwa namba.

Alikuwa mnafiki? Ningefurahi kusema ndiyo, tumalizane naye. Lakini ushahidi hauonyeshi hivyo. Alikiri baadaye kwamba miaka yote ile dhamiri yake haikumuuliza kama biashara hiyo ni halali. Kazi yenyewe hakuipenda, alijiona kama mlinzi wa jela, na aliomba Mungu ampe kazi ya utu zaidi. Lakini kwamba ni dhambi, hapana. Mji wa Liverpool ulitajirika kwayo, waungwana waliwekeza ndani yake, makanisa yaliiombea meli ifike salama. Mwaka 1754 huko St Kitts nahodha mwenzake Mkristo, Alexander Clunie, alimfundisha kwa wiki kadhaa juu ya uhakika wa wokovu na neema inayomshika mtu. Yalikuwa mafundisho mazuri kabisa, na Newton alikuwa bandarini pale kwa sababu ameleta watu kuuza.

Mpendwa, sisemi haya ili tumhukumu mzungu wa zamani. Nasema kwa sababu najua tunavyotubu sisi. Tunalilia bia, tunalilia uzinzi, tunalilia hasira, na ni sawa tulie. Lakini mizani ya dukani iliyochezewa hatuililii. Mshahara wa kibarua unaocheleweshwa mpaka achoke kupiga simu hatuulilii. Msichana wa kazi analala jikoni kwenye godoro lililochoka huku ushirika wa nyumbani ukiendelea sebuleni, na yeye ndiye anayeleta chai. Hakuna anayepita mbele Jumapili kwa ajili ya hayo, maana hayahesabiki kama kurudi nyuma. Ni kazi tu. Nilipoanza kuajiri nami nilikuwa na mtu ambaye sikumlipa inavyostahili, na nikiwa natoa fungu la kumi bila kukosa.

Novemba 1754, siku chache kabla ya safari nyingine, Newton alianguka ghafla nyumbani akiwa anakunywa chai na mke wake, akapoteza fahamu kwa karibu saa nzima. Madaktari wakamkataza bahari. Alikuwa na miaka 29. Kwa hivyo hakuacha utumwa kwa toba, aliacha kwa ugonjwa, na kwa muda bado aliweka akiba yake katika biashara ya Manesty, ambaye alifilisika na pesa zikapotea.

Akawa afisa wa forodha Liverpool, akajifunza Kigiriki na Kiebrania, akasikiliza mahubiri ya George Whitefield. Alitafuta upadri kwa miaka kadhaa akikataliwa, mpaka 1764 akawekewa mikono na kupelekwa Olney, mji mdogo wa maskini wanaofuma lesi kwa mkono. Huko alikaa miaka karibu 16. Nyimbo zilitungwa huko, pamoja na rafiki yake mshairi William Cowper, mtu aliyeteswa na giza la akili na kuamini kwamba Mungu amemtupa. Newton hakumwacha. Alimkaribisha nyumbani kwake kwa miezi mingi alipokuwa hoi, na nadhani alijua giza lile lilikotoka kwa sababu ya zile saa 11 za usukani. Wimbo wetu ule ulitumika katika ibada ya mwaka mpya, 1 Januari 1773. Hesabu mwenyewe: kutoka dhoruba hadi wimbo ni miaka karibu 25, na bado alikuwa hajasema neno hadharani dhidi ya utumwa.

Mwaka 1780 alihamia London, kanisa la St Mary Woolnoth, barabara ya mabenki. Desemba 1785 mbunge kijana, William Wilberforce, alimjia kwa siri, akizunguka nje mara mbili kabla ya kupata ujasiri wa kubisha. Alikuwa ameokoka karibuni na alidhani lazima aache siasa. Newton alimshauri abaki bungeni. Wilberforce akaanza vita dhidi ya biashara ya watumwa, na vita hivyo vikamrudia mzee mwenyewe.

Mwaka 1788, akiwa na miaka 62, Newton alichapisha kijitabu juu ya biashara hiyo, miaka 34 baada ya safari yake ya mwisho. Hakusimama nje akinyoosha kidole. Alikiri kwamba alishiriki, kwamba ungamo lake limechelewa, na kwamba moyo wake unatetemeka kukumbuka. Akasimulia aliyoyajua, likiwemo la msaidizi wa nahodha aliyemnyang'anya mama mtoto wake mchanga usiku na kumtupa baharini kwa sababu kilio kilimkatizia usingizi. Kijitabu kilipelekwa kwa wabunge. Kisha akasimama mbele ya baraza la mfalme, na baadaye kamati ya bunge mwaka 1790, akatoa ushahidi kama mtu aliyekuwemo.  Yeye alikuwa na daftari. Mwaka huo huo, Desemba, Mary alifariki kwa saratani.

Mbegu moja ya mzee huyu ilifika hadi kwetu. Kikundi cha wachungaji alichokuwa mmoja wa waanzilishi wake mwaka 1783 ndicho kilichozaa chama cha misheni cha CMS mwaka 1799. CMS ndiyo iliyomtuma Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa 1844, na ndiyo iliyojenga makazi ya watumwa waliokombolewa kule Freretown katika miaka ya 1870. Ukipita Kengeleni, ile kengele bado ipo.

Machi 1807 bunge lilipiga marufuku biashara ya watumwa. Newton alikuwa karibu kipofu na kumbukumbu imechoka, lakini alikuwa hai. Alifariki 21 Desemba mwaka huo, akiwa na miaka 82.

Alijiandikia mwenyewe maneno ya kaburi. Anajiita aliyekuwa kafiri na mwasherati, mtumishi wa watumwa katika Afrika, aliyehifadhiwa na kusamehewa kwa rehema ya Yesu, akawekwa kuhubiri imani aliyokuwa akijaribu kuiharibu. Nimeyasoma mara kadhaa nikitafuta mahali anaposema alikuwa nahodha aliyenunua watu. Hapasemi. Ungamo hilo liko kwenye kijitabu. Sijui nilichukulieje hilo, na sitajifanya kwamba halinisumbui.

Ndugu yangu wa mlangoni, Jumatano niko ofisini kuanzia saa 10 jioni, kabla ya maombi. Njoo na hiyo ya nane. Na mimi nina moja yangu ya kukwambia, inahusu mtu niliyemwajiri, ambaye wiki hii ndiyo nimempata kwenye simu.